Mashine haijasema hivyo

Nilikuwa nimeahidi kwamba wiki hii tungemalizia lile somo la hifadhidata. Litangoja. Nina hasira, na hasira nikiilaza mpaka Jumatatu itageuka vidonda vya tumbo. Leo tunazungumza kuhusu gari, kuhusu kidude kimoja kisichozidi kidole gumba, na kuhusu maneno mawili ambayo yamenila pesa kuliko bili yoyote ya mwaka huu: "Mashine imesema."

Kisa chenyewe. Jioni moja nilikuwa namrudisha mama nyumbani kutoka kliniki. Barabara ya Thika, tumeshapita Githurai, giza linaingia, niko laini ya katikati na mwendo si wa mchezo. Injini ikazima. Haikukohoa wala kutetemeka, ilizima tu kama mtu aliyechomoa waya ukutani. Usukani ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Breki ilishika mara ya kwanza, ya pili ikawa ngumu (ile nguvu ya kusaidia breki hutoka kwenye injini, na injini ikilala unabaki na akiba ya kukanyaga mara moja au mbili). Nyuma yangu palikuwa na lori la mchanga. Dereva wa lori alinipigia honi ambayo nadhani bado inazunguka huko Kahawa mpaka leo. Nilifika kando ya barabara kwa neema ya mteremko na kwa sababu kijana mmoja wa matatu alishuka akasukuma bila kuulizwa.

Tukakaa dakika 25. Nikawasha, gari likawaka kama ambalo halijafanya kosa lolote maishani. Mama akasema, "Mwanangu, gari lako lina mapepo." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kesho yake nikaenda karakana. Jina sitalitaja, na haina haja, kwa sababu kila msomaji ana karakana yake ya namna hii. Ina sakafu ya vigae, ina kijana wa mapokezi, ina kitanda cha kuinulia gari. Fundi akachomeka tableti yake chini ya usukani, akatazama, akatikisa kichwa. Shilingi 2,000 za kupima. "Bosi, mashine imesema ni pampu ya mafuta." Pampu 6,500, kazi 3,000. Nikalipa. Siku nne baadaye gari likazima tena, safari hii karibu na nyumbani. Nikarudi. Shilingi 2,000 nyingine za kupima. "Mashine imesema ni plagi." Plagi 3,200. Nikalipa tena, maana mimi ni mtu mwenye digrii ya sayansi ya kompyuta lakini mbele ya mtu mwenye ovaroli huwa nageuka mtoto wa darasa la pili. Baada ya wiki likazima mara ya tatu. Na safari hii mashine, ambayo kumbe ina mawazo mengi sana, ilisema kompyuta ya gari imekufa, shilingi 45,000, na nibahatike kupata iliyotumika.

Nikamwomba fundi anionyeshe kilichoandikwa. Si nimkosoe, nione tu. Akaipindua ile tableti ikatazama tumbo lake. "Bosi, hii gari ni ya kompyuta. Huwezi kuelewa."

Ndugu msomaji, mimi hulipwa mshahara kwa kuelewa kompyuta.

Nikachukua funguo zangu nikaondoka. Kufikia hapo nilikuwa nimetoa shilingi 16,700 na mama alikuwa amekataa kupanda gari langu. Hilo la pili ndilo lililoniuma.

Sasa tuambiane ukweli kuhusu hicho wanachokiita kupima. Chini ya usukani wa karibu kila gari linaloingia nchini kwetu siku hizi kuna tundu lenye nafasi za pini 16. Halikuwekwa pale kwa ajili ya karakana kutajirika. Lilianza California, Marekani, ambako moshi wa magari ulikuwa umewachosha watu wa Los Angeles, na serikali ya jimbo ikataka kila gari liweze kujieleza lenyewe linapochafua hewa kupita kiasi. Kuanzia magari ya modeli ya 1996, mfumo huo unaoitwa OBD-II ukawa lazima Marekani nzima. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Japani nao wana wao unaofanana. Maana yake ni hii: lugha ambayo gari huzungumza na tableti ya fundi si siri ya kiwanda. Misimbo ya msingi ya hitilafu imechapishwa. Kila mtu anaweza kuisoma. Ni kiwango cha wazi, kama vile barua pepe ilivyo kiwango cha wazi.

Mafundi wengi huiita hiyo misimbo "kodi", na kweli inatozwa kama kodi.

Nikaenda zangu Luthuli Avenue. Kidude cha kuchomeka kwenye tundu, kinachoongea na simu kwa Bluetooth, kilinigharimu shilingi 1,500. Kimejengwa kwa kuigiza chipu ya ELM327, iliyotengenezwa na Elm Electronics, kampuni ndogo ya Kanada ambayo ilifunga milango mwaka 2022. Toleo lao la kwanza halikufungwa dhidi ya kunakiliwa, basi likanakiliwa na dunia nzima. Ndiyo maana vidude vingi sokoni hujitambulisha kama toleo 1.5, ilhali wenyewe hawakutoa toleo 1.5 hata siku moja! Vinadanganya jina lakini kwa kazi ndogo vinafaa. (Wenye iPhone: angalieni kabla ya kununua, vile vya Bluetooth ya zamani havitawaitikia, tafuteni cha Wi-Fi au cha Bluetooth ile mpya ya kula moto kidogo. Na nyote, chomoeni mkimaliza. Nenosiri la vidude hivi kwa kawaida ni 1234, na kinakunywa betri usiku kucha.)

Hapa wenzangu waandika programu watafurahi. Unakitumia kidude maandishi ya kawaida. Ukituma 010C, gari linakujibu kitu kama 41 0C 1A F8. Zile jozi mbili za mwisho ndizo mwendo wa injini: chukua 1A ambayo ni 26, zidisha kwa 256, ongeza F8 ambayo ni 248, gawanya kwa 4. Unapata mizunguko 1,726 kwa dakika. Basi. Huo ndio uchawi wa shilingi elfu mbili. Ukituma 03 unapewa misimbo ya hitilafu. Nilituma 03 nikiwa nimekaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, chai mkononi. Gari likanijibu P0335.

P0335 haimaanishi pampu. Haimaanishi plagi. Kwa hakika haimaanishi kompyuta ya gari. Maana yake iliyochapishwa ni hitilafu katika mzunguko wa umeme wa sensa ya mkao wa kranki. Kranki ni ule mhimili mzito ulio chini ya injini ambao pistoni huuzungusha.

Na hapa ndipo penye ugomvi wangu, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo.

Soma tena: katika mzunguko wa umeme. Haijasemwa sensa imekufa. Mzunguko ni sensa, na waya zake, na soketi yake, na kutu iliyo ndani ya soketi, na panya aliyetafuna waya, na pini ya kompyuta upande wa pili. Msimbo wa hitilafu ni kama ule ujumbe unaotokea programu yako ikianguka: unakuambia mstari ambao programu ilifia, haukuambii mstari uliokosewa. Kila mtu aliyewahi kusaka hitilafu saa nane usiku anajua mistari hiyo miwili inaweza kuwa mbali kama Lamu na Lodwar. Ujumbe ni mahali pa kuanzia. Anayeuchukua kama hukumu atabadilisha vipuri hadi pesa zako ziishe, halafu siku kipuri cha tano kitakapokuwa ndicho, atakuambia, "Umeona? Tumepata." Hapana. Hamjapata. Mmeishiwa na vitu vya kukosea.

Lakini nitende haki. Yule fundi wa pampu hakuota. Baadaye nilielewa alichokiona. Kwenye magari mengi, kompyuta isipopata mapigo kutoka kwa sensa ya kranki huikatia pampu umeme, kusudi injini ikizimika kwenye ajali petroli isiendelee kusukumwa. Kwa hiyo aliyesikiliza pampu gari likiwa limezima aliikuta kimya. Kimya chake kilikuwa cha kweli! Ila pampu ilikuwa imenyamazishwa, haikuwa imekufa. Dalili halisi, chanzo kingine kabisa. Angeuliza swali moja zaidi, "Nani ameinyamazisha?", angefika. Aliacha kuuliza pale ambapo kuuza kunaanza.

Sensa yenyewe ni kitu rahisi kiasi cha kuaibisha. Aina ya gari langu ina waya mbili tu. Ndani mna sumaku na nyuzi nyembamba za shaba zilizoviringwa. Mbele yake, kwenye kranki, kuna sahani yenye meno. Jino likipita, nguvu ya sumaku inabadilika, umeme kidogo unazaliwa kwenye nyuzi. Chukua mfano wa injini ya Toyota inayojulikana sana kwenye barabara zetu, 1NZ-FE: sahani ina meno 34, moja kila nyuzi 10, na mahali meno mawili yanakosekana makusudi. Lile pengo ndilo linaloiambia kompyuta "hapa ndipo duara linapoanzia". Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hayo ni mapigo 1,700 kila sekunde. Yakikatika, kompyuta haijui pistoni iko wapi, haijui lini irushe cheche, na kwa busara inaacha kila kitu. Hapo ndipo lori la mchanga linapopiga honi.

Kwa nini lizime likiwa na joto na kuwaka likipoa? Hili nalo ni jambo la zamani. Uzi wa shaba ukipata ufa, baridi huubana ukagusana, joto huutanua ukaachana. Lakini hiyo ilikuwa dhana. Dhana ya mtu wa kompyuta si bora kuliko ya mtu wa ovaroli mpaka ipimwe.

Kwa hiyo nilipima. Jumamosi asubuhi nililiacha gari uani likinguruma, simu kwenye dashibodi ikinionyesha mizunguko. Dakika ya 40 na kitu likazima. Nikawasha huku nikitazama simu: stata inazungusha injini, naisikia kwa masikio yangu, lakini simu inasema mizunguko ni sifuri. Sifuri! Masikio na sensa hawakubaliani, na mmoja wao ni mwongo. Nikangoja lipoe, nikawasha tena, simu ikaonyesha mizunguko mia mbili na kitu kisha injini ikashika. Jaribio hilo halikunigharimu chochote isipokuwa petroli ya lita moja na majirani kunitazama. Karakana yenye vigae haikulifanya hata mara moja.

Bado ingeweza kuwa waya. Nikainua gari upande wa mbele. Tafadhali sana: jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia. Ukishainua, weka stendi za chuma chini ya fremu, tikisa gari kwa nguvu, ndipo uingize hata mkono. Kama huna stendi, acha, nenda kaazime. Betri nilikuwa nimeshatoa waya wa hasi. Nikafungua gurudumu la mbele na kile kifuniko cha plastiki kilicho nyuma yake, nikaiona sensa ikiwa karibu na puli ya kranki, imeshikwa na bolti moja ya spana namba 10. Bolti moja. Nilikaa chini nikacheka peke yangu.

Soketi ina ulimi wa plastiki. Bonyeza, vuta mwili wa soketi, usivute waya. Plastiki iliyokaa karibu na injini miaka kumi na tano huvunjika kama biskuti, kwa hiyo taratibu. Nikafungua bolti, nikaizungusha sensa kulia na kushoto, ikatoka na harufu ya oili nzee. Ncha yake yenye sumaku ilikuwa na ndevu za vumbi la chuma, nikapangusa. Nikaipima kwa mita (shilingi 900, Luthuli huko huko). Omu 1,380, namba ya kawaida kabisa kwa sensa ya namna hii. Ingekuwa karakana, wangesema "sensa iko sawa" na kuendelea kwa kompyuta ya 45,000.

Nikamwomba dada yangu mashine yake ya kukaushia nywele.

Shaba ina tabia moja inayotabirika: upinzani wake wa umeme hupanda takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Ukiipasha kwa nyuzi 50 zaidi, 1,380 inafaa kupanda polepole hadi kama 1,650. Nikaelekeza hewa ya moto, nikatazama mita. 1,400. 1,450. 1,520. Kisha ghafla mita ikaruka ikasema hakuna njia kabisa. Nikazima mashine. Dakika tatu nne, namba ikarudi. Nikarudia mara tatu, dada akiwa mlangoni anauliza kama nimerukwa na akili. Sasa niliweza kusema "ni sensa" kama mtu anayesema neno, si kama mtu anayebahatisha.

Halafu nikafanya upumbavu wangu mwenyewe, na ni lazima niuweke hapa ili msidhani ninawapigia mafundi kelele kutoka mlimani. Nikaenda kununua sensa, nikaambiwa bei kati ya 800 na 4,200. Mimi na digrii yangu nikanunua ya 800, kwenye boksi zuri lenye nembo iliyochapwa vizuri sana. Sikuipima. Baada ya maigizo yote yale ya mita na nywele, sikuipima! Nikaifunga, gari likawaka, likaanza kukohoa, na jioni hiyo hiyo P0335 ikarudi. Nilipoitoa na kuipima, namba ilikuwa nje kabisa ya ile ya zamani, na ncha yake ilikuwa fupi kwa kama milimita moja, umbali ambao kwa sensa ya sumaku ni safari ndefu. Duka lilikataa kurudisha pesa. Nikanunua ya 4,200 kwingine, nikaipima juu ya kaunta mbele ya muuzaji, nikailinganisha na ile ya zamani jicho kwa jicho. Nikapaka oili kidogo kwenye ule mpira wake wa duara, nikaisukuma mahali pake, nikakaza bolti mpaka ikakaa, bila hasira (imeingia kwenye aluminiamu, ukiivunja utalia). Soketi ikasema "taki". Nikafuta msimbo, nikaliacha linguruma saa nzima. Halikuzima. Ni wiki saba sasa.

Hesabu: kidude 1,500, mita 900, sensa bandia 800, sensa halali 4,200. Jumla 7,400, na ndani yake 2,400 ni vifaa ambavyo bado ninavyo. Kazi yenyewe ya kubadilisha, ukiondoa maigizo, ilikuwa dakika 40.

Najua mtakaloniambia, kwa sababu wenzangu kazini wameshaniambia. Kwanza: "Si kila mtu ana muda." Sawa. Mimi sisemi kila mtu alale chini ya gari. Ninasema kila mtu asome msimbo wake kabla hajaenda karakana, jambo linalochukua dakika mbili ukiwa umekaa. Ukifika na P0335 iliyoandikwa kwenye karatasi, mazungumzo yanabadilika kabisa. Fundi mzuri atafurahi. Fundi mbaya ataudhika, na hapo utakuwa umempima yeye bure.

Pili: "Ni hatari." Mambo mengine, ndiyo. Waya za soketi za manjano ni za mifuko ya hewa, usiziguse. Kebo za rangi ya chungwa kwenye magari ya haibridi zina umeme wa kuua, usizikaribie. Breki, kama hujafundishwa, mwachie aliyefundishwa. Na kuna magari, baadhi ya General Motors kwa mfano, ambayo ukibadilisha sensa hii kompyuta lazima ifundishwe upya kwa kifaa maalumu, kwa hiyo soma kitabu cha gari lako kwanza. Lakini ni hatari gani iliyozidi ile ya Githurai? Mimi na mama tulikuwa kwenye gari "lililotengenezwa na wataalamu" mara ya pili na ya tatu lilipozima. Stakabadhi ninazo.

Tatu, na hili hunikera zaidi kwa sababu hutoka kwa waandika programu wenzangu: "Kila mtu na fani yake, wewe ungependa fundi akuandikie programu?" Ndugu zangu, sisi ambao tumekesha miaka tukihubiri programu huria, tukisema mtumiaji ana haki ya kuona msimbo wa kile anachokitumia, tunafunga mdomo tukifika kwenye mashine ghali kuliko zote tulizonazo? Ukinunua gari lililotumika kutoka Japani, kwa sheria yetu lisizidi miaka minane, umelipa ushuru ambao ukiutaja mbele ya mgeni anadhani unatania. Halafu mtu anaipindua tableti usione gari lako limesema nini! Msimbo ule ni wa nani? Wa aliyenunua gari, au wa aliyenunua tableti?

Katiba yetu ya 2010 haina utata hapa. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa na huduma anazolipia. Na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima kuhusu utengenezaji wa magari: makadirio ya bei kabla ya kazi, idhini ya mwenye gari, kurudishiwa vipuri vya zamani. Sijawahi kuona karakana iliyobandika hayo ukutani. Nimeona kalenda nyingi za oili. Ile pampu yangu ya zamani, ambayo sasa naamini ilikuwa nzima kabisa, ilibaki karakana. Sikuiomba, kwa sababu sikujua ni haki yangu kuiomba. Sijui inasukuma mafuta kwenye gari la nani leo.

Na tusijidanganye kwamba tundu lile litabaki wazi milele. Kwenye magari yao ya kuanzia modeli za 2018, Fiat Chrysler walianza kuweka lango la usalama kati ya tundu na kompyuta. Kusoma unaruhusiwa, lakini ukitaka kufuta msimbo au kuamuru kitu, uwe umesajiliwa. Sababu inayotolewa ni wadukuzi, na wadukuzi wapo kweli, nisikatae. Lakini huko Massachusetts wapiga kura walilazimika kupitisha haki ya kutengeneza mwaka 2012, kisha mwaka 2020 wakapiga kura tena kwa sababu takwimu za gari zilikuwa zimeanza kurushwa hewani moja kwa moja kwa mtengenezaji zikiliruka tundu. Magari ya leo ya Japani ndiyo yatakayoshuka Mombasa miaka saba minane ijayo. Tutakuwa tumekaa kimya, tukiambiwa mashine imesema.

Ninachotaka ni kidogo mno. Karakana inayotoza pesa za kupima iandike msimbo kwenye stakabadhi. P na tarakimu nne. Herufi tano kwa jumla, wino hauishi. Na chini yake iandike ilifanya jaribio gani kabla ya kuuza kipuri. Kama halikufanywa, iandike "tumebahatisha". Nitalipa hata hiyo, lakini kwa bei ya kubahatisha.

Lazima pia nimtaje mzee mmoja wa jua kali, chini ya mti karibu na steji yetu, ambaye nilimwonyesha sensa yangu iliyokufa baada ya yote haya. Hana tableti, hana vigae. Nilimweleza tu dalili: inazima ikiwa moto, inawaka ikipoa, mshale wa mizunguko unalala ikizungushwa. Akaniuliza, "Ulimwagia maji ya baridi ikawaka haraka?" Nikasema sikujaribu. "Basi ulipoteza wakati, kijana wangu. Ungekuja hapa." Sikuwa na jibu, mzee alikuwa sahihi, na angenitoza pesa ya chai.

Mama amepanda gari tena, Jumapili iliyopita, baada ya kuulizia mara tatu kama "lile pepo" lilitoka. Nilimwonyesha sensa. Akaigeuza mkononi, akauliza, "Hiki tu?" Iko sasa juu ya ruta yangu, nikiandika naiona.

Shemeji yangu ana gari ambalo taa ya injini imewaka tangu Februari na ameambiwa mashine imesema geaboksi. Anakuja Jumamosi. Nimemwambia alete mandazi na asilipe mtu yeyote chochote kabla sijasoma. Hifadhidata, basi, ni wiki ijayo.